Kiredio cha Biblia ya kusikiliza: maoni ya fundi cherehani

Hiki kiredio kinachosoma Biblia pale kwenye fremu yangu nimeulizwa sana, kuna wateja wanakuja kupimwa gauni wanaondoka wameulizia redio na vipimo wamesahau, kwa hiyo naandika yote hapa niwe natuma tu. Sijalipwa na mtu. Nimenunua kwa hela yangu kwa machinga mmoja hapa Tanga mjini, alianza na elfu hamsini nikamshusha mpaka thelathini na nane, na kinaongea kazini kwangu kuanzia nikifungua mpaka nafunga, Jumapili tu ndo kinapumzika maana na mimi sifungui.

Kidude chenyewe ni cheusi, cha plastiki, kinajaa kiganjani. Kina sola mgongoni, kina tochi, kina FM, na ubavuni kuna tundu la memori kadi ambayo ndo Biblia yenyewe. Kioo hakina. Kuna batani ya kuruka sura, batani ya kuruka kitabu, sauti, basi. Sola nasema mapema ni ya kujifariji, nimekianika juani mchana kutwa kikaongea kidogo tu jioni kikazima. Betri lakini nimeipenda kwa sababu ni ile ya Nokia za zamani, BL-5C, inapatikana kila kona kwa bei ya soda mbili tatu, mi ninayo ya akiba kwenye droo ya vifungo. Spika ukifungulia mwisho inakoroma, ukiweka katikati inasikika vizuri hata cherehani ikiwa inakimbia, ila ovaloki ikiwashwa hapo usahau, husikii nabii wala mtume.

Mtu atasema kwani simu haina Biblia. Inayo, na ya bure. Ila simu inakula bando, inaita, inaingia meseji ya mteja anauliza sketi yake, unashika simu kujibu unajikuta uko status za watu. Hiki hakina pa kwenda. Kingine kikubwa ni kwamba kinakumbuka kilipoishia, ukizima jioni katikati ya Waamuzi asubuhi kinaendelea pale pale.

Kiswahili chake ni cha Union Version, ile Biblia ya 1952, jiandae na "akanena" na "enenda zako" kwa wingi. Mi nakipenda hicho Kiswahili, ndo nilichosalia nacho tangu mtoto, ila binti ninayemfundisha kazi kuna siku alikuwa ananiangalia tu, kwa vijana nadhani mtafute yenye Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, kama ipo. Halafu wameigiza, sio mtu mmoja anasoma, kuna sauti nyingi na muziki na mvua na farasi. Hapo wamezidisha kidogo. Sauti ya Mungu wameiwekea mwangwi mpaka maneno mengine hayashikiki, na Mungu wao anaunguruma muda wote hata pale anapobembeleza, ukisikiliza Hosea 11 pale anaposema alimfundisha Efraimu, yaani watu wake Israeli, kwenda kwa miguu, maneno ni ya mzazi kabisa na sauti ni ya radi.

Sasa niseme kitu ambacho muuzaji hawezi kukwambia maana hajui, na ndo sababu hasa nimeamua kuandika marefu.

Mikono ikiwa kwenye kitambaa huwezi kuruka. Ukisoma mwenyewe unafungua pale unapopapenda, mi nina Biblia ya karatasi ambayo ikiachiwa inajifungua yenyewe Zaburi 23. Kiredio hakijui unachopenda, kinasoma kwa mpangilio, vitabu 66 vyote na sura zote, na ndani ya mpangilio huo zile aya zetu tamu za mwanzo mpya, zile za stika na za kalenda, unazikuta ziko sehemu ambayo hukutegemea kabisa. Karibu zote ziko katikati ya hukumu. Sio pembeni, katikati.

Chukua Isaya 1:18. Hii hata asiyekanyaga kanisani anaijua, iko nyuma ya bajaji, iko kwenye vitenge vya kwaya, mimi mwenyewe nimeshaidarizi: dhambi zenu zijapokuwa nyekundu sana, zitakuwa nyeupe kama theluji. Kiredio hakianzii hapo. Kinaanza na kesi, mbingu na nchi zinaitwa kusikiliza, kisha Mungu anasema ng'ombe anamjua bwana wake ila hawa watu wangu hawajui, kisha anasema sadaka zao zimemchosha, kisha inakuja ile ya kutisha, kwamba mkikunjua mikono nitaficha macho, mkiomba maombi mengi sitasikia, mikono yenu imejaa damu. Kisha wanaambiwa cha kufanya, na sio kufunga wala kukesha, ni "mpatieni yatima haki yake, mteteeni mwanamke mjane". Ndo sasa inakuja "haya, njoni, tusemezane" na hiyo theluji. Na hujakaa sawa aya mbili mbele inasema mkikataa na kuasi mtaangamizwa kwa upanga. Stika inakupa aya ya 18, hiyo ya 17 ya mjane na ya 20 ya upanga sijawahi kuziona kwenye bajaji.

Na mafundi tunaijua nyekundu. Kitenge chekundu kikichuja rangi kwenye beseni lenye shati jeupe, hilo shati limekwenda, jiki utatia mpaka kitambaa kitoboke na wekundu uko pale pale. Kwa hiyo ile aya ukiisikia ukiwa unashona unajua anayeongea anaahidi kitu kisichowezekana kwa kawaida, na anakiahidi kwa watu aliotoka kuwaambia mna damu mikononi.

Maombolezo 3 ndo usiseme. "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii", rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, hii inatumwa alfajiri kwenye magrupu yote ya familia na picha ya maua na kikombe cha chai. Ukisikiliza kitabu kizima hutatamani chai. Yerusalemu imeshaanguka, ni mwaka 586 kabla ya Kristo, jeshi la Nebukadreza mfalme wa Babeli limechoma hekalu, watoto wanaomba mkate hakuna wa kuwamegea, na sura ya 4 inasema kina mama wenye huruma wamepika watoto wao wenyewe. Yule mtu anayesema rehema ni mpya asubuhi kaamka kwenye majivu. Na hata haishii pazuri, sura ya 5 inaomba siku zao zifanywe mpya kama siku za kale, halafu sentensi ya mwisho kabisa inasema labda umetukataa kabisa na una hasira nyingi juu yetu, nukta, kimya, kiredio kinaingia Ezekieli. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi siku hiyo na mmoja akasema, hee, ndo imeisha hivyo?

Ndo imeisha hivyo.

Yeremia 29:11 nayo kila Januari inanifikia kwa watu tofauti tofauti, mawazo ya amani wala si ya mabaya, mwaka wako wa kuinuliwa. Kwenye kiredio nimeanza na sura ya 28 kwanza, ambapo kuna nabii anaitwa Hanania anawaambia watu ndani ya miaka miwili vyombo vyote vya hekalu vitarudi na wafungwa watarudi. Watu lazima walifurahi, nani asingefurahi. Yeremia anamwambia unawafanya watu hawa wauamini uongo, na Hanania anakufa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Kisha ndo barua ya Yeremia kwa waliopelekwa Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, maana ni miaka 70. Sabini! Mtu mzima aliyesomewa ile barua alijua yeye anafia kule. Mawazo ya amani yapo ila wengi walioahidiwa walikuwa wanaahidiwa kwa ajili ya watoto na wajukuu. Sasa wewe unaitumia kumwambia mtu anayesubiri mkopo wa benki upite wiki ijayo, sijui, Hanania naye aliongea vizuri hivyo hivyo.

Nuhu napita haraka. Kila mtu anakumbuka siku 40 za mvua, ila ukihesabu tarehe zilizotajwa, kutoka kuingia safinani mpaka kutoka ni zaidi ya mwaka. Kilichonisimamisha ni kwamba kabla ya gharika Mungu anaona mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tu sikuzote ndo anaamua kufuta, na baada ya gharika anasema hatalaani nchi tena maana mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Sababu ni ile ile. Ya kuhukumu ndo hiyo hiyo ya kusamehe, maji hayakumbadilisha mtu, na kweli hata sura haijapita Nuhu kalewa divai ya shamba lake mwenyewe, yuko uchi hemani.

Kuna siku moja ambayo nadhani kiredio kilirudisha hela yangu yote. Alikuja mzee wa Kiislamu, jirani wa mtaa wa nyuma, ananiletea kanzu nimrekebishie shingo na kupunguza urefu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavua makobazi akakaa kwenye benchi akasema atasubiri. Kiredio kilikuwa kinaanza Yona. Mzee akasikiliza, akainua kidole:

"Huyu si Nabii Yunus huyu?"

Nikamwambia ndiye mzee wangu.

"Basi usipunguze sauti. Kwetu na sisi watu wake walisamehewa."

Ikaendelea, meli, samaki, Ninawi siku arobaini, mfalme anakaa majivuni, mpaka ng'ombe wanavalishwa magunia, hapo mzee alicheka sana. Kisha Yona anakasirika kwa sababu Mungu ameghairi kuuangamiza mji. Na anasema wazi kwamba ndo maana alikimbia, alijua tangu mwanzo kwamba Mungu ni mwenye neema, si mwepesi wa hasira. Mtu amekasirikia rehema! Wale Waashuri wenye Ninawi yao hawakuwa watu wa mchezo lakini, walichonga ukutani kwenye jumba lao la kifalme kule Ninawi picha za mji wa Lakishi wa Yuda wakiuteka, watu wanachunwa ngozi, yale mawe sasa hivi yako makumbusho London. Kwa hiyo hasira ya Yona mi naielewa, aliambiwa apeleke nafasi ya kutubu kwa watu wa namna hiyo. Kitabu kinaisha kwa Mungu kumuuliza swali, kwamba nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia wala kushoto, na wanyama wengi? Jibu halipo.

Mzee akasema, "Hapo ndo penyewe." Akaniambia na kaburi lake lilikuwa kule kule, Mosul, kuna msikiti wa Nabi Yunus ukalipuliwa na wale ISIS. Ni kweli, ilikuwa Julai 2014, na magofu ya Ninawi yako ng'ambo ya mto tu kutoka Mosul ya zamani.

Nikadhani ataondoka na habari njema, ila kanzu ilikuwa bado. Mika akapita, sura saba, anamalizia na ile ya Mungu kuzitupa dhambi zao zote katika vilindi vya bahari. Mimi niko kwenye pindo. Ikaingia Nahumu, na Nahumu ni Ninawi tena, mji ule ule, ila safari hii hakuna siku arobaini. Bwana si mwepesi wa hasira, maneno yale yale ya Yona, lakini sasa yanaendelea kwamba wala hatamhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia kamwe. "Ole wa mji wa damu!" Magari ya vita, maiti, na mwisho swali tena, nani ambaye uovu wako haukumpata daima? Mji wenyewe ulianguka mwaka 612 kabla ya Kristo, Wababeli na Wamedi waliuvunja na haukuinuka tena.

Mzee alikuwa ameshavaa makobazi. Akasimama mlangoni na kanzu yake mkononi akasema, "Kumbe walirudia." Akanilipa akaenda.

Mimi kanisani nimekua, Yona nimefundishwa Sunday school na wimbo wake tunao, na Nahumu sijawahi kuhubiriwa hata mara moja, sijawahi kukaa nikaambiwa kwamba waliosamehewa kule ndo hawa wanaohukumiwa huku. Ukisikiliza mfululizo saa moja haiishi unavipata vyote viwili. Msamaha wa babu haukuwa leseni ya mjukuu.

Daudi ni hivyo hivyo. Tunahubiriwa Zaburi 51, uniumbie moyo safi, tunalia, tunasamehewa, tunaenda nyumbani. Kiredio kinasoma 2 Samweli 12, Daudi kamchukua mke wa Uria na kumuuza Uria vitani afe, nabii Nathani anamwambia wewe ndiwe mtu huyo, Daudi anasema nimemfanyia Bwana dhambi, na hapo hapo bila kuzungushwa anaambiwa Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa. Sekunde kadhaa tu. Ila upanga umeshaambiwa hautaondoka nyumbani mwake, na sura zinazofuata ni za watoto wake, Amnoni anambaka Tamari dada yake, Absalomu anamuua Amnoni, Absalomu anampindua baba, Absalomu ananing'inia mtini. Daudi amesamehewa muda wote huo. Hajaacha kuwa amesamehewa hata dakika moja. Na Uria bado amekufa. Hapa nadhani ndo wengi tunachanganya, tunafikiri kusamehewa ni kufutiwa yaliyotokea, na hapo hapo tunamshangaa mke aliyepigwa kwa nini harudi wakati mume "ameokoka".

Upande wa pili nao usijisahau, maana kuna wale wa moto tu, wale wa spika sokoni asubuhi, jehanamu jehanamu mpaka nyanya zinaiva. Hao nao kiredio kinawasahihisha. Ezekieli ni kirefu na kikali, kuna siku nilitaka kuruka nikawa nimeshika mkasi, na ndani yake humo humo inasema "sikufurahii kufa kwake mtu mwovu". Luka 15 inapiga mifano mitatu bila kupumua, kondoo, shilingi, mwana, na ule wa tatu unamwacha kaka mkubwa nje ya mlango amenuna kwa sababu ndugu yake kachinjiwa ndama. Yona mwingine huyo.

Halafu 2 Wakorintho 5. Aya ya 17, kiumbe kipya, ya kale yamepita, ipo kwenye kadi zote za ubatizo. Aya ya 10, sura hiyo hiyo: imetupasa sisi sote kudhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Zimetengana aya saba. Paulo hakuona kama zinagombana.

Sehemu iliyoigizwa vizuri kuliko zote ni Luka 23, na nimeipenda kwa sababu hapo kwa mara ya kwanza wamezima muziki. Wahalifu wawili wamesulubiwa huku na huku kwa Yesu, mmoja anatukana, wa pili anamkemea mwenzie anasema "nayo ni haki kwetu sisi, kwa kuwa tunapokea malipo tuliyostahili". Mwigizaji anaisema kwa shida, pumzi zinakatika, unasikia kabisa mtu aliyetundikwa. Hajaomba ashushwe. Hajasema nimeonewa. Kakubali hukumu halafu ndo kaomba akumbukwe, na anajibiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi, na bado akafa siku ile ile miguu imevunjwa kama Yohana anavyoeleza. Mimi nilisimamisha cherehani hapo. Kama kuna sehemu moja ya kumpigia mtu anayetaka kujua Ukristo unasema nini kuhusu hukumu na msamaha ningempigia hiyo, maana kwa imani yetu yule wa katikati ndo alikuwa anaibeba hukumu yenyewe wakati anatoa msamaha, vyote viwili viko kwenye mti mmoja saa moja.

Tuje kwenye vituko. Kuna mteja wangu, simtaji, ana deni la vijora vya sendofu la muda mrefu, kila akipita anapita upande wa pili wa barabara. Siku hiyo mvua ikamleta. Amekaa tu, kiredio kikaingia Mathayo 18, yule mtumwa anayedaiwa talanta elfu kumi anasamehewa, anatoka nje anamkuta mwenzie anayemdai dinari mia anamkaba koo, "nilipe uwiwacho". Kimya. Mimi nashona. Yeye anaangalia mvua. Mwisho akasema, "Dada, hii haina FM?"

Nilicheka mpaka sindano ikakatika. Ila ule mfano baadae niliupigia hesabu kwenye daftari la vipimo. Dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku, inasomeka hivyo Mathayo 20. Talanta moja ni kama dinari 6,000. Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa anadaiwa siku milioni 60 za kazi, deni ambalo hata akifufuka na kufa mara nyingi halilipi. Ila dinari mia nazo ni zaidi ya miezi mitatu ya kibarua, sio hela ya vocha! Yesu hakusema unachodai ni kidogo hakina maana. Alisema ni kweli unadai, na ni pesa, na bado. Na mwisho wa mfano yule mtumwa anakamatwa upya, deni ambalo alishasamehewa linarudi lote. Kiredio kikaisoma hiyo kwa ile sauti ya radi na kwa mara moja nikaona imekaa mahali pake. Deni la vijora bado limeandikwa daftarini kwa taarifa yenu, naliombea.

Ubovu mkubwa nilioukuta ni kwenye kadi. Mathayo 25 ilikuwa haijakaa sawa, Mwana wa Adamu anakuja kwenye utukufu wake, anawatenga watu kama kondoo na mbuzi, kondoo mkono wa kuume, wanaambiwa nalikuwa na njaa mkanipa chakula, wanaingia, halafu tii! Faili limekatika, tuko Mathayo 26. Mbuzi hawajasomewa mashtaka. Binti wa kazi akasema, "Mbuzi wamepona." Tukawa tunaisubiri kila mzunguko tuone kama watahukumiwa, hawahukumiwi. Nikarudi kwa yule machinga, hakubisha, alikopi upya kadi nzima pale pale kwenye kompyuta ya rafiki yake wa duka la nyimbo, na sasa mbuzi wanapata haki yao. Zakayo yule mtoza ushuru nae alikuwa na mkwaruzo lakini anasikika, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu, aliposema mara nne mafundi wenzangu wa fremu ya jirani waliguna.

Batani ya kuruka kitabu inakufa mapema, yangu sasa hivi lazima uibonyeze kwa kona ya kucha. Tundu la chaji ni lile la simu za zamani, waya wake tunza. Usikiweke karibu na pasi, plastiki yake laini. Na hakina cha kujizima, ukilala nacho kinaongea mpaka asubuhi, mama yangu nilimpelekea kikaisha chaji katikati ya Mambo ya Walawi akanipigia simu kusema redio imekufa.

Kama unanunua, usikubali kuondoka na boksi limefungwa. Mwambie akiwashe, ruka mpaka Mathayo 25 usikilize mbuzi mpaka mwisho, kisha ruka mpaka Ufunuo 22 uhakikishe kadi imefika mwisho, kisha Nahumu maana ni vile vitabu vidogo ndo wanavisahau kukopi. Angalia betri imeandikwa nini. Bei akikwambia zaidi ya elfu arobaini wewe sema asante ondoka polepole, hujafika kwenye kona atakuita.